Jumba la Mnara la Threave: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Threave ni jumba la mawe lililo kwenye kisiwa cha mto Dee, kusini-magharibi mwa Uskoti, karibu na mji mdogo wa Castle Douglas. Lilijengwa miaka ya 1370, mfalme akalizingira mwaka 1455, likavuliwa paa na sakafu mwaka 1640, na kuta zake bado zimesimama. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayojirudia zaidi kwa wageni na kwa wanafunzi wa historia na ujenzi. Msimamo wangu utauona karibu kila jibu: Threave ilikuwa nyumba ya watu kabla ya kuwa ngome, na anayeiangalia kwa jicho la vita peke yake hawezi kuielewa.

Jumba la mnara ni kitu gani hasa?

Ni makazi ya kabaila yaliyopangwa kwenda juu. Badala ya kuwa na ghala hapa, jiko pale na ukumbi upande wa pili wa ua, vyote vinapandishwa kimoja juu ya kingine ndani ya kuta nne nene. Chini kabisa ni akiba ya chakula, juu ya akiba ni jiko, kisha ukumbi, kisha vyumba vya mwenye nyumba, na mwisho paa lenye njia ya walinzi.

Faida zake hazikujificha. Mlango ni mmoja, kwa hiyo watu wachache wanatosha kuulinda. Mawe hayashiki moto kama mbao na makuti. Na kwa mtu anayetaka kuonekana na kila mpita njia kwamba yeye ndiye mwenye nchi, hakuna tangazo kubwa kuliko jengo lenye urefu wa zaidi ya mita 20 katikati ya uwanda wa malisho.

Majumba ya namna hii yalienea Uskoti, kaskazini mwa Uingereza na zaidi Ayalandi, ambako yalijengwa kwa maelfu. Huko Ayalandi, mwaka 1429, serikali ya Henry VI, mfalme wa Uingereza, iliahidi ruzuku ya pauni 10 kwa mtu yeyote katika eneo la Dublin na jirani zake atakayejenga mnara wenye urefu wa futi 40, na upana wa futi 20 kwa 16. Huo ni mnara mdogo sana ukiuweka kando ya Threave.

Nani aliijenga Threave?

Archibald Douglas, aliyepewa lakabu ya "Mkali" kwa jinsi uso wake ulivyowatisha adui vitani. Alikuwa mwana wa nje ya ndoa wa Sir James Douglas, rafiki mkubwa wa mfalme Robert Bruce. Huyu James ndiye aliyekabidhiwa moyo wa Bruce baada ya mfalme kufariki, aupeleke kwenye vita dhidi ya Waislamu wa Granada, akauawa Teba, Hispania, mwaka 1330. Tangu hapo ukoo wa Douglas unabeba moyo mwekundu kwenye ngao yake.

Archibald hakurithi kwa urahisi. Alipanda kwa upanga na kwa akili. Mwaka 1369 mfalme David II alimpa ubwana wa upande wa mashariki wa Galloway, eneo la kusini-magharibi mwa Uskoti ambamo Threave ipo, na mwaka 1372 akanunua upande wa magharibi, yaani eneo la Wigtown, kutoka kwa Thomas Fleming, aliyechoka kugombana na wenyeji. Mwaka 1388 Earl wa pili wa Douglas aliuawa kwenye vita vya Otterburn bila kuacha mrithi halali, na Archibald akachukua cheo hicho akawa Earl wa tatu. (Earl ni kabaila wa daraja la juu, anayetawala eneo zima kwa jina la mfalme.) Alifia humo humo Threave, mkesha wa Krismasi mwaka 1400.

Kwa nini alijenga hapo, na kwa nini kisiwani?

Galloway ilikuwa na desturi zake, sheria zake na lugha yake ya Kigaeli, na wakati wa vita vya uhuru wa Uskoti koo zake kubwa ziliegemea zaidi upande wa ukoo wa Balliol, washindani wa Bruce katika kugombea ufalme. Archibald aliingia kama mgeni aliyeletwa na mfalme, tena mwana wa mtu wa Bruce. Alihitaji mahali ambapo asingeamshwa usiku na watu wenye mienge.

Maji yalimpa nusu ya ulinzi bure. Kisiwa chenyewe si kidogo. Kina nafasi ya ng'ombe, bustani na majengo mengine, na mto ulikuwa pia njia ya kuletea bidhaa. Kwa mtawala mwenye ukoo, askari, makarani, wapishi, farasi na wageni wasiokatika, hayo ni mambo ya maana sawa na ukuta.

Ndani kulikuwaje, ghorofa kwa ghorofa?

Hapa ndipo napenda mtu atulie, kwa sababu leo sakafu zote za mbao zimeondoka na ukisimama ndani unaona ganda tu. Lazima uzirudishe kwa macho. Tafuta mistari ya matundu na vijiwe vilivyochomoza ukutani: hapo ndipo boriti zilipokaa. Meko inayoning'inia katikati ya ukuta bila sakafu chini yake inakuambia kwamba pale palikuwa na chumba.

Ghorofa ya chini kabisa ni ghala. Ni giza, baridi na unyevu, mahali pa mapipa na nyama ya chumvi. Humo kuna kisima, ili wenye nyumba wasikose maji hata mnara ukizingirwa, na karibu yake sinki la mawe lenye mfereji wa kutolea maji machafu. Kwenye pembe moja kuna chumba kidogo cha mawe kisicho na mlango. Ni jela. Mfungwa aliteremshwa kupitia tundu la juu, na bila ngazi au kamba ya kuteremshiwa asingeweza kutoka. Mwenye Threave alikuwa pia hakimu wa eneo lake, na hicho kijichumba ni sehemu ya mahakama yake sawasawa na ukumbi wa juu.

Mlango wa mnara hauko chini. Uko juu ya usawa wa ghala, ukafikiwa kwa ngazi ya mbao ambayo ingeweza kuondolewa au kuchomwa wakati wa hatari. Ukiingia unajikuta kwenye ghorofa ya jikoni, penye meko kubwa. Wageni wengi hushangaa kwamba mtu mkubwa alipokea watu kupitia jikoni. Lakini fikiria majira ya baridi ya Uskoti: moto mkubwa kuliko yote nyumbani ulikuwa pale, na joto lake lilipanda juu.

Kutoka hapo ngazi ya mawe ya kuzunguka, iliyochimbiwa ndani ya pembe ya ukuta, inakupeleka ukumbini. Ukumbi ndio moyo wa nyumba. Kuna meko nzuri na madirisha makubwa kuliko ya chini, kwa sababu kwa urefu huo adui hafiki kirahisi. Ndani ya unene wa ukuta, pembeni mwa madirisha, kuna viti vya mawe. Mtu aliweza kukaa hapo kwenye mwanga, akashona, akasoma barua au akasikiliza mashtaka. Hapa ndipo watu walikula, walihukumiwa, walilipa kodi na kufungishiwa mikataba.

Juu ya ukumbi ni vyumba vya bwana na bibi wa nyumba, vyenye meko na choo cha ukutani. Choo hicho ni kijichumba ndani ya ukuta chenye shimo linaloshuka hadi nje, kwa hiyo kwa kiwango cha karne ya 14 mtu aliyelala ghorofa ile alikuwa na starehe ya hali ya juu.

Ghorofa ya mwisho ilikuwa ya watumishi na walinzi. Kwa nje utaona safu za matundu ya mraba pande tatu za mnara. Yalishikilia boriti za roshani ya mbao iliyozunguka juu, ambapo walinzi wangesimama na kuangusha mawe moja kwa moja kwenye vichwa vya waliofika chini ya ukuta.

Kuta zina unene gani?

Mahali penye unene zaidi zinakaribia mita 3. Kwa nje mnara una takriban mita 18 kwa 12. Ukitoa kuta, nafasi ya ndani inapungua sana, na hiyo ndiyo sababu vyoo, ngazi, viti vya dirishani na makabati vilichongwa ndani ya ukuta wenyewe. Ukuta ni chumba pia.

Je, mnara ulisimama peke yake kisiwani?

Hapana, na hili ndilo jibu ambalo ningetamani kila mgeni aondoke nalo. Kwa muda mrefu watu waliuchora mnara ukiwa mpweke katikati ya nyasi, na picha hiyo ikageuka kuwa historia. Wanaakiolojia walipochimba miaka ya 1970 walikuta misingi ya majengo mengine makubwa jirani kabisa na mnara, pamoja na bandari ndogo ya kutia mashua. Kulikuwa na mtaa mzima: kumbi, mabanda, mahali pa kazi. Mnara ulikuwa sehemu ya faragha na salama zaidi ya makazi hayo.

Majengo yale hayakuanguka yenyewe. Yalibomolewa katikati ya karne ya 15 ili walinzi waweze kumwona adui na kumpiga risasi bila kizuizi, na mawe yake yakatumika kujengea ukuta mpya wa kujikinga na mizinga.

Aliwahi kutawala mwanamke hapo?

Ndiyo. Archibald, Earl wa nne, alikwenda kupigana upande wa Ufaransa akauawa na Waingereza huko Verneuil mwaka 1424. Mjane wake, Margaret, binti wa mfalme Robert III, alipewa Galloway maisha yake na ndugu yake, mfalme James I. Akaiongoza kutoka Threave kwa karibu miaka 20. Amelala katika kanisa la Lincluden, karibu na Dumfries, ndani ya kaburi la mawe lililochongwa vizuri kuliko mengi ya zama zake. Vitabu vya vita humtaja kwa mstari mmoja. Mimi naona miaka ile ndiyo Threave ilitumika zaidi kwa kazi iliyojengewa, yaani kuishi na kutawala.

Ukuta mdogo unaouzunguka mnara ulijengwa lini, na kwa nini una minara ya duara?

Mwaka 1440 Earl wa sita, kijana mdogo tu, pamoja na ndugu yake David, walialikwa Edinburgh kwenye meza ya mfalme ambaye naye alikuwa bado mtoto. Wakakamatwa, wakahukumiwa harakaharaka na kukatwa vichwa. Tukio hilo linajulikana kama Karamu Nyeusi. Baada ya hapo hakuna Douglas aliyeamini neno la Edinburgh.

William, Earl wa nane, alimwoa Margaret mdogo, dada wa vijana waliouawa, na hivyo kuirudisha Galloway chini ya mkono wake. Mnamo 1447 alianza kuiandaa Threave kwa vita vya aina mpya. Ukuta aliojenga ni mfupi na mnene, kitako chake kimelala kwa mteremko ili risasi ya mawe iteleze badala ya kugonga sawasawa. Kwenye pembe aliweka minara mitatu ya duara, kila mmoja ukiwa na matundu ya mizinga, na katikati akaweka lango lenye daraja la kuinuliwa. Kuna handaki lililochongwa mwambani na mto nyuma.

Mmoja wa ile minara mitatu bado upo. Usiupite mbio. Tazama matundu yake: mengine yana tundu la duara chini na mwanya mwembamba juu, mengine yana duara mbili zilizounganishwa na mwanya. Duara ni la mdomo wa bunduki nzito, mwanya ni wa jicho la mpigaji. Ni miongoni mwa kuta za mwanzo kabisa katika kisiwa chote cha Britania zilizobuniwa ili mlinzi ajibu mizinga kwa mizinga.

Ilikuwaje mwaka 1455?

Tarehe 22 Februari 1452, katika ngome ya Stirling, mfalme James II alimchoma kisu kwa mkono wake mwenyewe William, Earl wa nane, aliyekuwa amekwenda pale akiwa na hati ya mfalme ya kumhakikishia usalama. Ndugu yake James akawa Earl wa tisa, na vita vikawa suala la muda tu. Mei 1455 jeshi la Douglas lilivunjwa Arkinholm. Earl mwenyewe alikuwa amekimbilia Uingereza, ngome nyingine zikaanguka moja baada ya moja, na Threave ikabaki peke yake.

Mfalme alikuja mwenyewe, akafanya makao kwenye abasia ya Tongland. Mzinga mkubwa ulikokotwa kutoka Linlithgow, safari ndefu na ngumu kupita milima kwa ng'ombe na mikokoteni. Mnara ulizingirwa zaidi ya miezi miwili ya kiangazi na haukutekwa kwa nguvu. Uliposalimu amri, vitabu vya hazina ya mfalme viliandika malipo na zawadi kwa baadhi ya waliokuwa wakiulinda. Kwa hiyo ukuta wa 1447 ulifanya kazi yake. Kilichofungua lango ni fedha, na kutokuwepo kwa mtu wa kuja kuwaokoa.

Ni kweli mzinga maarufu wa Mons Meg ulitengenezwa hapo na mhunzi wa kijijini?

Si kweli, ingawa hadithi inapendwa sana Galloway. Inasema mhunzi mmoja na wanawe walimfulia mfalme mzinga mkubwa papo hapo ili aivunje Threave, akazawadiwa ardhi. Mons Meg ulitengenezwa Mons, katika Ubelgiji ya leo, mwaka 1449, kwa agizo la Philip, mtawala wa Burgundy. Ulifika Uskoti mwaka 1457 kama zawadi kwa James II, miaka miwili baada ya Threave kusalimu amri. Una uzito wa zaidi ya tani 6 na mdomo wa takriban sentimita 50. Mfalme aliyependa mizinga kiasi hicho aliuawa na mzinga: mmoja wa kwake ulimpasukia karibu alipoizingira Roxburgh mwaka 1460.

Na lile jiwe la kunyongea?

Juu kabisa, sawasawa na mlango, kuna jiwe lililochomoza. Masimulizi yanadai wakuu wa Douglas walijisifu kwamba jiwe hilo halikuwahi kukosa mtu anayening'inia. Ukilitazama kwa jicho la fundi, liko mahali ambapo ungetarajia kibanda cha kujilinda kilichotokeza juu ya mlango, kwa ajili ya kuangushia vitu wavamizi. Kwamba watu walinyongwa kwa amri ya makabaila hawa, hilo halina shaka, maana walikuwa na mamlaka ya kuua na kusamehe. Lakini jiwe lenyewe ni la ulinzi wa mlango.

Mbona sasa haina paa wala sakafu?

Baada ya 1455 Threave ilikuwa mali ya taji, na baadaye ukoo wa Maxwell ukapewa uangalizi wake kwa kurithishana. Mwaka 1640 Robert Maxwell, Earl wa Nithsdale, aliishikilia kwa ajili ya mfalme Charles I dhidi ya Wakovenanti, yaani Waskoti waliokula kiapo kupinga mfalme kuingilia kanisa lao. Walinzi wakazingirwa kwa wiki 13, mpaka mfalme mwenyewe alipowaruhusu wajisalimishe. Wakovenanti wakaagiza jengo lifanywe lisitumike tena kivita: paa liling'olewa, sakafu zikatolewa, na sehemu za ukuta wa nje zikabomolewa. Ilibaki hivyo, isipokuwa wakati wa vita vya Napoleon, ilipofanyiwa matengenezo kidogo kwa ajili ya wafungwa wa Kifaransa.

Mwaka 1913 jengo liliwekwa chini ya uangalizi wa serikali. Leo linatunzwa na Historic Environment Scotland, na ardhi inayolizunguka ni ya National Trust for Scotland.

Nikitaka kwenda, nijiandae vipi?

Kutoka maegesho unatembea kwa miguu kupita mashambani hadi ukingo wa mto. Hapo kuna kengele. Unaipiga, na mwendesha mashua anakuja kukuvusha. Mashua ni ndogo, kwa hiyo kundi kubwa huvuka kwa awamu. Msimu wa wageni ni wa miezi ya joto, na maji yakipanda au mawe yakihitaji ukaguzi ngome hufungwa, kwa hiyo hakikisha ratiba kabla ya kusafiri. Vaa viatu vya kuhimili matope. Ukiwa na darubini ichukue: tai wala samaki huzaliana jirani na mto.

Baada ya Threave, niende wapi ili nielewe zaidi?

Kilomita chache kusini-mashariki kuna mnara wa Orchardton, wa karne ya 15, jumba la mnara pekee la duara Uskoti. Ni mdogo, na mwenyewe hakuwa Earl, ndiyo maana unafaa kulinganishwa: vyumba vile vile vimepandishwa kwa mpangilio ule ule, ila kwa mfuko wa mtu wa kawaida kidogo. Magharibi, karibu na Gatehouse of Fleet, kuna Cardoness ya ukoo wa McCulloch, ambayo meko zake za mawe zilizochongwa bado ni nzima, nayo ngazi yake inapandika hadi juu. Ukianzia Cardoness, siku ya pili ukaja Threave, yale matundu ya boriti na meko zinazoning'inia utayasoma bila kuelekezwa na mtu.